Nilimuuza Dada Yangu kwa Boksi Moja la Dawa

Kama juma lililopita hukunisoma, nitakurudisha nyuma kidogo ili tusiachane njiani.

Mimi ni afisa mradi wa shirika moja lisilo la kiserikali. Shirika letu linasaidia vikundi vya kina mama kuokota taka, kuzichambua na kuzigeuza biashara. Mtaa unakuwa safi, mama anapata riziki, na mtoto wake anashinda kwenye chekechea tuliyoijenga humo humo uwanjani. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye bango la getini.

Mwenyekiti wa kikundi ni dada yangu mkubwa, aliyenilea tangu mama yetu alipofariki nikiwa na miaka tisa.

Mwaka jana plastiki zilipopungua, mimi ndiye niliyewaletea kina mama betri chakavu za magari. Mimi ndiye niliyeshika shoka nikawaonyesha namna ya kuzipasua, kumwaga tindikali mtaroni, na kutoa yale mabamba mazito ya ndani ambayo wenye viwanda wanayagombania. Mtaalamu mmoja wa mazingira alipita pale, akaniambia uso kwa uso kwamba kazi hii isifanyike karibu na watoto. Nikamfikishia mkurugenzi. Akasema atalitazama.

Nikanyamaza. Takwimu zangu zilikuwa zinapanda, na vikaoni nilikuwa nasifiwa.

Juma lililopita nilikuacha pale mtoto wa dada, wa miaka minne, alipoanguka chekechea macho juu, mwili ukimtetemeka, na mimi nikakimbia naye kifuani hadi hospitali.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Nakuomba usinihukumu kabla sijamaliza. Ukimaliza, hukumu utakavyo.

*

Tunamwita Bosi, kwa sababu anatembea mikono nyuma kama mtu anayekagua vibarua wake. Siku ya tano wodini, Bosi hakuwa anakagua mtu. Alikuwa amelala ubavu, anaitazama dripu, na ukimwita anachelewa kugeuka.

Asubuhi hiyo daktari alikuja na karatasi mkononi. Alikuwa kijana, sauti imemkauka kwa kukesha.

"Majibu ya damu yamerudi," alisema. "Tumekuta risasi."

Dada alimtazama. Akanitazama na mimi. Kisha akainuka, akamfunua mtoto fulana, akamgeuza mgongo, akamkagua kwapa na mbavu.

"Daktari, huyu hana tundu popote," alisema. "Alikuwa chekechea. Hakuna mtu aliyepiga risasi pale."

Daktari hakucheka.

"Si ile ya bunduki, mama. Hii ni madini, jina tu ndilo limefanana. Inaingia na vumbi. Mtoto anashika chini, anatia kidole mdomoni, basi. Ikishakuwa nyingi inapanda kwenye ubongo. Ndiyo maana alipata degedege wakati hana hata homa."

"Atapona?"

"Kuna sindano za kuifunga na kuitoa kwa mkojo. Akizipata mapema, nafasi anayo. Tatizo hatuna. Tangu jana nimepiga simu kila hospitali ninayoijua nchini. Hakuna."

"Na zikichelewa?"

Alikunja ile karatasi mara mbili. "Degedege likirudi na kurudi tena, mama, sitakudanganya."

Dada alikaa. Hakulia. Alishika mguu wa mtoto kupitia shuka kama mtu anayezuia kitu kisichukuliwe na upepo.

"Nyumbani kuna mtu anayeyeyusha vyuma?" daktari aliuliza. "Anayechezea betri za magari?"

Nikainamia viatu vyangu.

"Nyumbani hapana," dada alijibu. "Betri tunapasua kazini. Lakini hizo hazina neno, daktari. Mdogo wangu huyu ndiye aliyetufundisha. Amesoma, ana cheti cha mambo ya mazingira. Zingekuwa na madhara angetuambia."

Alilisema hilo kwa fahari, na mkono akauweka begani kwangu.

Daktari akanigeukia. "Wewe ndiye afisa?"

"Ndiyo."

"Chekechea ina watoto wangapi?"

"Ishirini, pamoja na huyu."

"Na pale mnapopasulia ni mbali kiasi gani?"

Hatua kumi na mbili. Nilizipima mwenyewe kwa miguu siku tunajenga, kwa sababu kina mama walitaka wawe wanawasikia watoto wao wakilia.

"Si mbali," nikasema.

Daktari akatoa kalamu, akaandika kwenye daftari lake.

"Kafunge leo. Wale kumi na tisa waje wapimwe, wote, bila kubaki hata mmoja. Leo, si kesho."

"Nenda, mdogo wangu," dada alisema. "Mimi nipo na Bosi. Wewe wahi watoto wa wenzetu."

Hata wakati huo hakuwa ameunganisha betri zangu na ugonjwa wa mtoto. Au alikuwa ameshaanza, ila kila ikimjia anaifukuza. Mpaka leo sijui.

*

Sikwenda uwanjani. Nilikwenda ofisini kwanza, na hilo ni la kwanza katika makosa ya juma hili.

Mkurugenzi wetu si mwanamke wa kufoka. Ukimpelekea tatizo anakuvutia kiti, anakumiminia maji ya kunywa, anakusikiliza hadi mwisho. Ndiye aliyeniajiri wakati milango yote imefungwa mbele yangu. Nyuma ya meza yake kuna picha ya dada yangu akiwa ameinua juu gunia la chupa, anacheka. Picha hiyo imezunguka kwenye vitabu vya wafadhili kuliko dada mwenyewe alivyowahi kusafiri.

Nilimweleza kila kitu. Aliposikia kuhusu sindano, alichukua simu, akatoka nje, akakaa kama robo saa.

Aliporudi alikuwa anatabasamu kidogo.

"Zimepatikana. Kuna daktari anafanya kazi na wafadhili wetu, zitakuja na ndege. Keshokutwa mchana zitakuwa mikononi mwangu."

Nilitaka kupiga magoti. Nilishaanza kuinama.

"Kaa kwanza," alisema. "Tulimalize na hili."

Alinisogezea karatasi. Ilikuwa imeshachapwa, wino bado unanukia. Nikajua hakukaa nje robo saa yote hiyo kwa ajili ya simu moja.

Nilisoma. Iliandikwa kwamba mwenyekiti wa kikundi alikuwa akipasua betri nyumbani kwake, kwa tamaa yake, kinyume na mafunzo. Kwamba shirika halikujua. Kwamba uwanjani na chekechea hakuna betri iliyowahi kuguswa. Chini kulikuwa na mstari, na chini ya mstari jina langu.

"Huyu ni dada yangu," nikasema.

"Ndiyo maana watakuamini."

"Mama, si kweli hata neno moja."

"Najua." Alisema hivyo kwa upole kabisa. "Sasa nisikilize. Watu wa mazingira watakuja, na daktari huyo atawaita yeye mwenyewe. Wakikuta ni uwanjani, shirika linafungwa siku hiyo hiyo. Likifungwa, mimi si mkurugenzi wa kitu chochote. Wale wenye dawa hawanijui mimi, wanalijua shirika. Utawapigia wewe? Utawaambia nini?"

Nilisoma tena mstari wa kwanza.

"Watamfunga," nikasema.

"Mwanamke ana mtoto mahututi, nani atamfunga? Watamwonya, watamwandikia barua, yataisha. Halafu tutamtafutia mwanasheria mzuri."

"Na wale kumi na tisa?"

"Tutawapima. Taratibu, bila kuwatia watu hofu, wageni wetu wafadhili wakishaondoka."

"Wageni wanaondoka lini?"

"Bado hawajaja," alisema. "Wanakuja wiki ijayo."

Alinipa kalamu yake mwenyewe.

Msomaji, sitasema nilishikiwa mkono. Sitasema kichwa kilinizunguka nikajikuta nimeandika. Nilikuwa na akili zangu. Niliwaza mguu wa Bosi chini ya shuka, nikawaza dada atanisamehe kwa chochote mradi mtoto yuko hai, nikaweka sahihi yangu. Iliniridhisha hata jinsi ilivyotoka vizuri.

Mkurugenzi aliipuliza wino ukauke.

*

Kutoka hapo nilipita dukani, nikanunua kufuli kubwa, nikaenda uwanjani.

Nilijipangia hivi: karatasi ni karatasi, lakini uwanja nitaufunga. Watoto nitawatoa. Hapo nitakuwa nimefanya angalau nusu ya kile alichosema daktari.

Getini nilimkuta Mama Pacha, mwanamke mwenye kicheko cha watu wawili na ulimi usio na breki. Siku hiyo hakucheka. Mmoja wa mapacha wake alikuwa amemwegemea pajani, kinywa wazi, anapumua kama mzee.

"Afisa, umechelewa," aliniambia. "Ofisini wameshatupigia simu. Wametuambia ugonjwa wa Bosi ulianzia nyumbani kwa mwenyekiti, huku hakuna shida, tuendelee na kazi."

Hata nusu saa haikuwa imepita tangu nisaini.

"Kumbe alikuwa anazipeleka betri nyumbani kwake," aliendelea. "Mbona mimi sikuwahi kumwona? Na alikuwa anatuhimiza kugawana sawa. Mtu humjui, Afisa. Unakula naye, humjui."

Ndani ya uzio shoka lilikuwa linapiga. Koh. Koh. Hatua kumi na mbili kutoka pale watoto walikuwa wamekaa chini, wanachorana kwa vidole kwenye vumbi la kijivu.

"Huyu ana nini?" nikauliza.

"Tumbo. Siku ya tatu linamkaba, hata maziwa anayatema. Na amekuwa mjeuri, ukimwita hasikii."

"Mpeleke hospitali."

"Kwa tumbo tu? Nani atanichambulia mzigo wangu?"

"Mpeleke leo, Mama Pacha. Mwambie daktari akupimie na yule mwingine."

Alinikazia macho. "Mbona sauti inakutetemeka?"

"Nina mafua," nikasema.

Ni sentensi moja tu iliyokuwa inatakiwa pale. Mwenyekiti hana kosa, ni mimi, chukueni watoto mkimbie. Ilinijia hadi kwenye meno. Lakini nikaona ndege, nikaona boksi, nikaona simu ya mkurugenzi ikikatwa. Nikaufyata ulimi.

Niliingiza kufuli mfukoni, nikageuka. Lilikuwa linanigonga pajani njia nzima.

*

Siku iliyofuata, saa tano asubuhi, degedege lilirudi.

Lilichukua dakika nne. Dada alikuwa anazihesabu kwa midomo bila sauti, huku muuguzi amemlaza mtoto ubavu na daktari anasukuma dawa ya kutuliza kwenye mshipa. Lilipokwisha, Bosi alifumbua macho, lakini jicho moja lilikuwa linatazama mlangoni na jingine linatazama ukutani.

Daktari alinivuta pembeni.

"Ile chekechea umefunga?"

"Tunashughulikia."

"Mbona hajaja mtoto hata mmoja? Kaja mama mmoja tu jana jioni na pacha wake, naye anasema kaambiwa huko kuko salama. Nimemtoa damu. Nani anawaambia watu kuko salama?"

"Nitafuatilia," nikasema.

"Unajua," alisema, "mimi nimekuwa nikikuona hapa kama mjomba wa mgonjwa. Naomba nisije nikaanza kukuona kama kitu kingine."

Alirudi kwenye kitanda. Mimi nikamwambia dada habari ya sindano, kwamba zinakuja kesho mchana, kwamba shirika limehangaika hadi zimepatikana. Nilitaka nione uso wake unabadilika. Nilikuwa na njaa ya kuona hivyo.

Alichukua mikono yangu miwili, akaikandamiza usoni mwake. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu tumefika.

"Mama angekuwepo," alisema ndani ya viganja vyangu, "angejua kwamba hakunipa mzigo. Alinipa mtu."

Sikuweza kuitoa mikono yangu. Nilisimama hivyo hivyo mpaka akamaliza.

*

Walifika siku ya pili yake, saa nane mchana, wakati wa kuona wagonjwa.

Mbele alikuwa mkurugenzi, amekumbatia boksi jeupe lenye barafu. Nyuma yake walikuwa askari wa kike na mwanamume wa ofisi ya mazingira mwenye faili. Nilidhani wamekutana mlangoni tu. Kisha nikaona jinsi walivyosimama, nikajua wamekuja na gari moja.

Dada aliliona boksi kabla ya kuwaona watu. Alianza kusema ahsante, na ahsante ikamfia mdomoni alipoona sare.

Mkurugenzi aliweka boksi kwenye meza ya muuguzi. Hakulikabidhi, aliliweka tu.

"Wewe ndiye mwenyekiti wa kikundi cha kuchambua taka?" askari aliuliza.

"Ndiyo, afande."

"Tuna maelezo kwamba umekuwa ukipasua betri nyumbani kwako bila kibali, na kumtia sumu mwanao na kuhatarisha majirani. Inabidi twende ukaandike yako."

"Nyumbani?" Dada alishangaa kabisa. "Nyumbani kwangu ni chumba kimoja, afande. Ningezipasulia wapi, kitandani? Betri ni za kazini. Mradi wa shirika. Mkurugenzi huyu hapa anajua."

Mkurugenzi alitazama chini kama mtu aliyefiwa.

"Basi muulizeni mdogo wangu," dada alisema. "Yeye ndiye afisa. Alikuwepo tangu betri ya kwanza. Waambie."

Wote wakanigeukia. Hata daktari, aliyekuwa anapima mapigo ya Bosi, aliacha kidole pale pale na kuinua kichwa.

Yule wa mazingira alifungua faili. "Maelezo tunayo kutoka kwa afisa," alisema. "Hii hapa chini ni sahihi yako?"

Kabla sijafungua mdomo, dada alikuwa ameshainamia ile karatasi.

Dada yangu anasoma polepole. Lakini sahihi ile hakuhitaji kuisoma. Ni yeye aliyenifundisha kuiweka, mwaka ule wa kujaza fomu ya sekondari, tumekaa sakafuni na kipande cha daftari. Aliniambia mwisho wake niuvute mkia mrefu, uzunguke chini ya jina, ili mtu asiweze kuniigiza.

Aliutazama ule mkia. Akanitazama. Halafu akatazama boksi pale mezani, na mkurugenzi aliyesimama kando yake, na mtoto kitandani. Nilimwona anavipanga vitu hivyo vitatu kama anavyopanga chupa, kila kimoja mahali pake. Haikumchukua muda.

"Ni kweli," alisema.

"Unasemaje?" askari aliuliza.

"Nilipasulia nyumbani. Kwa tamaa yangu. Yeye hakujua."

"Mama," daktari alianza, "juzi uliniambia mimi mwenyewe kwamba..."

"Juzi nilikuwa nimechanganyikiwa, daktari. Afande, nimvalishe mtoto soksi, kisha twende."

Alimvalisha. Soksi ya kushoto kwanza, halafu ya kulia, akazivuta hadi juu na kuzikunja. Bosi alimuuliza anakwenda wapi. Akamwambia anakwenda kazini, na yeye Bosi akague vibarua hadi atakaporudi.

Aliponipita hakunigusa. Kwa miaka yote hajawahi kuniita kwa cheo changu, hata mbele ya wageni.

"Afisa," alisema. "Hakikisha anachomwa leo."

Askari alimshika kiwiko, si kwa nguvu. Wakaanza kutembea katikati ya vitanda, na watu waliokuja kuona wagonjwa wakawapisha.

"Ngoja," daktari alimwambia yule wa mazingira. "Kwa hiyo chekechea haihusiki? Wale watoto kumi na tisa nisiwaite?"

"Kwa mujibu wa maelezo haya, eneo ni nyumba ya mtuhumiwa tu. Huko kwingine hatuna sababu."

"Pacha mmoja wa hapo majibu yake yametoka asubuhi hii. Yako juu."

"Huenda alikuwa anacheza nyumbani kwa huyo mama," alisema mkurugenzi, kwa sauti ya huruma. "Watoto wa mtaani hawana mipaka."

Daktari alisita. Alikuwa mtu wa karatasi, na karatasi ilikuwa mbele yake na sahihi chini. Alifungua daftari lake kwenye ukurasa ule alioandika siku ya kwanza, akashika kalamu kama anayetaka kuyakata aliyoyaandika.

Sikumbuki nikiamua. Nakumbuka tu sauti yangu ikitoka kubwa kuliko nilivyotarajia.

"Afande, subiri."

Walisimama karibu na mlango. Dada hakugeuka.

"Hayo maelezo," nikasema. "Hayo maelezo niliyosaini."

"Yana nini?" askari aliuliza.

Pale kwenye meza ya muuguzi, boksi lilikuwa bado limefungwa kwa utepe. Mkurugenzi alinyoosha mkono tu, taratibu, akauweka juu ya mfuniko, na vidole vyake vikaikamata kamba yake ya kubebea.

Dada aligeuka. Alikuwa anatikisa kichwa, ananikataza.

Kitandani, mguu mmoja wa Bosi ulianza kutetemeka.